Sura ya Tano: Kosa Lenye Kumbukumbu

Mwaka 2011 wanafunzi wa mipangomiji kutoka Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, wilayani Kinondoni, wakaungana na wakazi wa hapo kuchora ramani ya kata yao. Walipita vichochoroni na vifaa vya GPS mkononi, wakaandika palipo na kisima, choo, duka la dawa, jalala, mtaro. Tandale haikuwa mahali pasipojulikana. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakiishi humo, na kila mmoja wao alijua pa kukanyaga mvua ikinyesha; kilichokosekana ni ujuzi huo kuwa mahali ambapo ofisi ya mipango ingeweza kuusoma. Kazi yao ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo yeyote mwenye akaunti anaweza kuiongezea kitu au kurekebisha kilichomo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekosea jina la kichochoro hakumkosea mhadhiri wake peke yake. Aliwakosea watu wa kichochoro hicho, nao walikuwa na njia ya kumsahihisha.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuishikilia. Mitandao ya kijamii inapotajwa katika mafunzo ya taaluma, mazungumzo hukimbilia kwenye usambazaji: mhadhiri apakie video YouTube, chuo kifungue ukurasa wa Facebook, darasa liwe na kundi la WhatsApp la kutumiana maandishi ya somo. Mambo hayo yana faida zake, lakini hayagusi uhusiano wa mwanafunzi na ujuzi. Bado yupo anayetoa na yupo anayepokea. Bomba tu limerefuka. Ninachodai ni kwamba mtandao humfundisha mtu taaluma pale unapompa kazi ya kweli ya kufanya pamoja na wengine: kazi itakayotumiwa na mtu asiyemjua, ambayo kosa lake laonekana na lasahihishika, na sahihisho lenyewe likabaki limeandikwa. Likipungua moja katika hayo, kinachobaki ni mazungumzo. Yaweza kuwa mazungumzo mazuri, lakini hayatamfanya mtu kuwa mpimaji ardhi wala mganga.

Hoja hii imeitangulia intaneti. Mwaka 1991 Jean Lave na Etienne Wenger walichapisha kitabu kifupi juu ya namna watu wanavyojifunza kazi kwa kuingia kidogo kidogo katika jamii ya wanaoifanya. Miongoni mwa mifano yao walikuwa mafundi cherehani wa Kivai na Kigola wa Liberia, ambao Lave aliwachunguza katika miaka ya 1970. Mwanagenzi wa huko hakuanza na kukata kitambaa, ingawa nguo huanzia hapo. Alianza mwishoni: kupiga pasi nguo iliyokamilika, kutia vifungo, kukunja pindo. Baadaye akashona vipande vilivyokatwa na wengine, na mkasi akapewa baada ya hayo yote. Anayepiga pasi hujifunza umbo la nguo nzima kabla hajaombwa kuitengeneza. Tena kifungo kilichokaa vibaya hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwisha. Mafunzo yalipangwa kwa kufuata bei ya kosa, na tangu siku ya kwanza mwanagenzi alishika nguo ambayo mtu fulani angeivaa. Gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na karakana za jua kali za Kamukunji, Nairobi, zinafundisha hivyo hadi leo. Vyuo vyetu viliuacha utaratibu huo kwa sababu ya haki: mgonjwa si kitambaa, na daraja halijengwi na wanaojaribu. Lakini katika kumkinga mtu dhidi ya kosa la mwanafunzi, vyuo vilimkinga pia mwanafunzi dhidi ya mtu. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo husomwa na mtu mmoja au wawili, hupewa alama, huwekwa kabatini. Hakuna atakayeivaa.

Henry Jenkins, mtaalamu wa masuala ya habari wa Marekani, alieleza mwaka 2006 kile alichokiita utamaduni shirikishi: mahali ambapo kizingiti cha kuingia kiko chini, wazoefu huwaongoza wageni bila cheo rasmi, na kila mmoja huamini kwamba mchango wake una maana. Jenkins aliwatazama zaidi vijana na mambo wanayoyapenda, hadithi, filamu na michezo, na wengi waliomfuata walichukua neno lake moja, kizingiti, wakasahau uongozi wa wazoefu. Katika taaluma nusu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa mwaka 2014 na mashirika ya misaada yakiwemo Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, una ngazi ambazo fundi wa Kivai angezitambua mara moja. Anayeanza hukaa popote duniani na kufuatisha mapaa ya nyumba juu ya picha za setilaiti. Kazi yake hukaguliwa na mzoefu, mraba kwa mraba. Kisha watu wa mahali penyewe huongeza kisichoonekana kutoka angani: majina, matumizi ya jengo, mahali njia inapofungwa. Paa lililochorwa kombo hunyooshwa kwa dakika moja, lakini jina la zahanati likikosewa gari la wagonjwa hupotea. Aliyeanza leo hakabidhiwi majina.

Ramani Huria ilianza Dar es Salaam mwaka 2015 ikiwa na wadau kama Benki ya Dunia, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, Chama cha Msalaba Mwekundu, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sababu yake ilikuwa maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na jiji lililokuwa na watu milioni 4.36 katika sensa ya 2012 lilikuwa likijengwa mabondeni kwa kasi ambayo ramani za serikali hazikuifikia. Sensa ya 2022 ililikuta na milioni 5.38. Wanafunzi walipelekwa katika kata zinazofurika, wakafanya kazi na vijana na viongozi wa mitaa. Hawakutakiwa kurudi na mstari wa buluu peke yake. Mtaro una upana gani, kina gani? Ni wa saruji au wa udongo mtupu? Umeziba kwa taka au kwa mchanga? Kalvati lake lingali zima? Mtaro usiopimwa hauingii katika hesabu ya maji, na mhandisi anayekadiria mafuriko bila mitaro anakadiria jiji lingine. Halafu likaja swali ambalo hakuna kifaa kilichoweza kulijibu: maji yalifika wapi? Kipimo chake kiko ukutani na katika kumbukumbu za mwenye nyumba. Magotini, kiunoni, dirishani. Majibu hayo yakigeuzwa kuwa namba huweza kuingizwa katika InaSAFE, programu huria iliyoanzia Indonesia, inayokadiria ni watu na majengo mangapi yataguswa na maafa. Baadaye kazi ilishuka hadi kwenye mipaka ya mashina, yaani vikundi vya nyumba vilivyo chini ya mtaa, mipaka ambayo wajumbe wa mashina hayo waliijua kwa mdomo na kwa miguu.

Mwanafunzi wa mipangomiji anapata nini hapo asichokipata darasani? Anapata, kwanza, uzito wa neno. Mtaa kwake ni ngazi ya utawala, kwa anayemhoji ni njia inayopita mbele ya nyumba. Fomu isiyotofautisha hayo mawili itajaa majibu yasiyolingana. Anapata pia kugundua kwamba viwango vya taaluma viliwekwa na watu, mahali fulani, kwa mahitaji fulani. Madaraja ya barabara katika OpenStreetMap yana majina yaliyotokana na mfumo wa Uingereza, ilhali huku barabara ya udongo yaweza kuwa ndiyo njia kuu ya wilaya nzima. Wachoraji ramani wa Afrika walilazimika kujadiliana na kuandika mwongozo wao wa kuainisha barabara kwa umuhimu wake badala ya lami yake. Aliyeshiriki mjadala kama huo amefanya kazi ya mtaalamu kamili: hakutumia kipimo tu, amesaidia kukitengeneza. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na haimo katika mtaala wowote wa kupakia video.

Sasa tuweke kando ya hayo kundi la WhatsApp la wataalamu, kwa sababu ndilo chombo kilicho mikononi mwa wengi. Tabibu wa kituo cha mbali anauliza juu ya dozi ya mtoto, na baada ya dakika chache amejibiwa na mwenzake wa hospitali ya rufaa. Huo ni msaada wa kweli na sitaki kuudharau. Katika nchi ambazo bingwa mmoja hutegemewa na mikoa kadhaa, simu imefupisha umbali ambao barabara haijaufupisha. Lakini tazama kinachotokea baada ya jibu. Linafunikwa na salamu, rambirambi na michango ya harusi. Anayejiunga mwezi ujao kwa kawaida huanza na ukurasa mtupu, naye atauliza swali lile lile. Ikiwa jibu lilikuwa na kosa na limeshasambazwa katika makundi mengine manne, sahihisho halina njia ya kulifuata: litawafikia waliobaki hapa, na wale waliolipokea kule hawatalisikia. Tena katika kundi kosa hulindwa na heshima. Daktari mkuu akishasema, kijana mwenye mwongozo mpya wa tiba mkononi hunyamaza, maana kumpinga mkubwa mbele ya watu 200 ni kumvunjia heshima, ilhali kurekebisha tarakimu katika ukurasa wa pamoja na kuweka chanzo chake ni kazi ya kawaida tu. Kundi ni baraza. Baraza lililo kando ya karakana lina nafasi yake, na wachoraji ramani wenyewe huulizana humo kila siku. Wanachojua wao ni kwamba jibu halijakamilika mpaka limeingia kwenye ramani.

Tiba nayo ina karakana za aina hii. Kuanzia mwaka 2013 kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuchukua somo la mwezi mmoja la kuhariri makala za tiba za Wikipedia, na kulihesabu kama somo jingine lolote. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Academic Medicine iliwahesabu wanafunzi 43 waliofanya mabadiliko 1,528. Makala walizozishughulikia zilifunguliwa zaidi ya mara milioni 1.1 katika vipindi hivyo vya somo pekee. Idadi ya wasomaji inashangaza, lakini kwangu la maana zaidi ni lingine: wanafunzi waliondoa vyanzo dhaifu na kuweka vilivyo imara, kisha wakakutana na wahariri wasiowajua waliowauliza kwa nini. Mtihani wa kuchagua A au B haumuulizi mtu kwa nini kwa namna hiyo. Mwaka 2014 makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu homa ya dengi ilipitiwa na wataalamu na kuchapishwa katika jarida la kitabibu la Open Medicine, jambo lililoonyesha kwamba njia ya maandishi ya wengi na njia ya jarida la kitaaluma zinaweza kukutana. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na makala zake za tiba zina nafasi tele. Mwanafunzi wa uuguzi atakayeandika humo kuhusu kifafa cha mimba atapaswa kuamua, sentensi kwa sentensi, mama mjamzito wa Mpwapwa au Kwale ataelewa nini, na kuamua huko ni uuguzi tayari.

Pingamizi la kwanza, na lenye heshima kuliko yote, limo katika methali: penye wazee haliharibiki neno. Taaluma ina bodi za usajili, mitihani na viapo kwa sababu watu walikufa na majengo yalianguka pale kila mtu alipojiita mtaalamu. Kumfungulia kila mtu ni kuwarudisha walaghai. Pingamizi hili lina upande unaopimika, nao umepimwa. Muki Haklay wa University College London alilinganisha OpenStreetMap ya Uingereza na ramani za shirika la taifa, Ordnance Survey, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Alikuta kwamba, kwa wastani, vitu vilikuwa ndani ya mita sita hivi kutoka mahali ramani rasmi ilipoviweka. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo alioufanya na wenzake uliuliza ni watu wangapi wanahitajika ili eneo lichorwe vizuri, ukaonyesha kwamba usahihi huongezeka zaidi kwa wachangiaji watano wa kwanza. Watano, wanaoweza kuona kazi ya mwenzao na kuigusa. Methali haikukanushwa hapo. Imeonyeshwa inavyofanya kazi. Wazee wapo, nao ni wakaguzi, wajumbe na wahariri wazoefu, ila uzee wao huthibitishwa na kazi inayoweza kufunguliwa na kuangaliwa na yeyote.

Mipaka yake lazima ikubaliwe waziwazi. Mita sita zinatosha kuonyesha zahanati. Hazitoshi kuamua ugomvi wa kiwanja kati ya majirani, na ramani ya wengi isipelekwe kufanya kazi ya mpimaji aliyesajiliwa. Utafiti ule wa kwanza wa Haklay ulikuta pia kwamba maeneo maskini ya Uingereza yalichorwa kwa upungufu kuliko ya wenye nafasi. Hili ni zito. Milango ikifunguliwa na kuachwa hivyo, huingia wenye muda, wenye kompyuta na wenye mtandao wa bei nafuu, nao huchora mitaa yao. Tandale ilichorwa kwa sababu mtu aliamua kwamba saa za wanafunzi zitumike Tandale. Ushirikishwaji haukuleta haki wenyewe. Chuo kilipoingiza kazi hiyo katika mafunzo yake ndipo mzani ulipogeuka, na kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachiwa ari ya watu binafsi.

Wapo watakaosema kwamba huu ni unyonyaji uliovikwa joho la elimu: wanafunzi hufanya kazi bure, kisha makampuni makubwa ya teknolojia huichukua data hiyo na kuitia katika biashara zao. Ni kweli kwamba yanaitumia. Leseni ya OpenStreetMap inayotumika tangu 2012 inamruhusu yeyote kuitumia mradi ataje chanzo na aachie wazi kanzidata atakayoitoa kwa kuiboresha hiyo. Sidhani kwamba hilo linamaliza malalamiko. Mwanafunzi anayetembea na njaa kata nzima akikusanya data za mradi wenye bajeti ya wafadhili anastahili posho, na chuo kisijifiche nyuma ya neno kujitolea. Lakini tuulize pia kazi ilirudi wapi. Ramani zilichapishwa na kupelekwa kwa viongozi wa kata, na data yenyewe iko wazi kwa halmashauri, kwa mwanafunzi wa mwaka ujao na kwa mkazi mwenye simu. Uchunguzi wa mshauri mwelekezi aliyelipwa huwa mali ya aliyemlipa, na mara nyingi mtaa uliochunguzwa hauoni hata jalada lake.

Pingamizi la faragha ndilo ninalolikubali karibu lote. Picha ya kidonda inayozungushwa katika kundi la madaktari ina mwenyewe, hata uso wake usipoonekana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini angalia hatari hiyo iko wapi zaidi. Iko katika kundi lililofungwa, ambamo kila mtu hujiona yuko miongoni mwa wenzake na hulegeza mkono. Anayeandika mahali pa wazi hana udanganyifu huo: hujua kwamba mgonjwa mwenyewe anaweza kusoma, hivyo huandika juu ya ugonjwa na kumwacha mtu nje. Kutenganisha ujuzi wa jumla na siri ya mtu mmoja ni stadi ya msingi ya kila taaluma inayohudumia watu, na sijui mahali pa kuifanyia mazoezi palipo bora kuliko ukurasa unaosomwa na wote. Yasiyoweza kutenganishwa hivyo yabaki hospitalini.

Linabaki suala la alama, ambalo wahadhiri hulitaja kana kwamba ndilo gumu kuliko yote. Atapimwaje mwanafunzi ambaye kazi yake imechanganyika na ya wengine? Kwa kweli hapa mhadhiri ana zaidi ya alichokuwa nacho kabla. Kila badiliko katika ramani lina tarehe, jina la akaunti, maelezo mafupi ya sababu, na majibizano kama yalikuwepo. Tuseme mwanafunzi aliandika mtaro una kina cha sentimita 40, mwenzake akamuuliza kama alipima na tope lililomo, akarudi kesho yake akabadilisha. Ripoti ya kabatini ingeonyesha namba ya mwisho tu. Historia ya mtaro huu inamwonyesha mtahini mtu akijifunza, na kama mwanafunzi alikasirika akakataa kurudi, inaonyesha hilo pia. Chuo kitakachotoa alama kwa namna hii kitahitaji wahadhiri walio tayari kuwa na akaunti na historia zao wenyewe, pamoja na makosa yao ya mwaka juzi, na huenda ugumu uko hapo hasa.

Bonde la Msimbazi, lililochorwa nyumba kwa nyumba na wanafunzi wa Ramani Huria, linabadilika sasa. Mradi wa kulinusuru uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022 umefika Jangwani na jirani zake: wakazi wamekuwa wakilipwa fidia na nyumba zikibomolewa ili mto upate nafasi yake. Mtu atapaswa kuziondoa nyumba hizo kwenye ramani, moja moja, na pengine atakuwa mwanafunzi ambaye mafuriko ya 2011 yalimkuta shule ya msingi. Atakapobonyeza kufuta, nyumba itatoweka kwenye ramani inayoonekana. Atakayefungua historia yake ataikuta pale pale: mwaka ilipochorwa, akaunti iliyoichora, na mara zote ilizorekebishwa.